Miji Minne, Siku Sita: Hiyo Safari ya Marekani Inalipwa na Kikoba cha Nani?

Ubuyu wa wiki hii umetoka Tabora, na ndani yake kuna deni.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, aliyepata umaarufu kwa klipu za vichekesho na baadaye kwa kupiga picha na kila pochi mpya inayoingia Kariakoo. Wafuasi anao wa kutosha. Kazaliwa Tabora, kakulia Tabora, sasa anakaa Dar na lafudhi keshaibadilisha. Wiki iliyopita kaposti ratiba yake ya Septemba hii, 2024: Marekani, siku sita, miji minne. New York, Chicago, Las Vegas, Los Angeles. Kila mji una orodha ya sehemu za kula na sehemu za kupigia picha, na pembeni kaandika saa za kubadilisha nguo. Chakula kimepangwa, nguo zimepangwa. Nani analipa, hakuandika.

Siku mbili baadaye ukavuja ujumbe wa sauti kutoka kundi la WhatsApp la kikoba kimoja cha akina mama wa Tabora. Mama mmoja, sauti imechoka, anawaomba wenzake wamvumilie. Mkopo wa milioni sita aliochukua akasema wa biashara, haukuwa wa biashara. Ulikuwa wa mtoto. Wa safari.

Hapo komenti zikalipuka. Upande mmoja chawa wa dada: wivu tu huo, asiye na hela akae pembeni. Upande wa pili kaka mmoja mtangazaji wa mtandaoni, naye jina kapuni, kageuza ishu nzima kuwa mahubiri: mtoto wa kike anafuata nini Marekani, arudi Tabora aolewe.

Wote wamechemka. Chawa wamechemka kwa sababu wanatetea safari ambayo haina hesabu. Kaka mtangazaji kachemka kwa sababu tatizo hapa siyo mtoto wa kike kupanda ndege. Tatizo ni namna safari ilivyopangwa, na mgongo wa nani umebebeshwa mzigo.

Tuanze na hesabu ya siku

Kutoka Tanzania hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani. Ya karibu zaidi ni ile ya Kenya Airways ya Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, na hiyo peke yake ni saa kama 15 angani. Ongeza Dar hadi Nairobi, ongeza kusubiri, ongeza foleni ya uhamiaji. Siku moja imekwenda. Kurudi, siku nyingine imekwenda. Zimebaki nne, kwa miji minne.

New York hadi Chicago ni kama saa mbili na nusu kwa ndege. Chicago hadi Las Vegas ni kama saa nne. Halafu Los Angeles, halafu kurudi tena New York, zaidi ya saa tano, kuifuata ndege ya nyumbani. Kila ndege unatakiwa uwe uwanjani saa mbili kabla. Ukitoa usingizi, huyu dada ataiona Marekani kupitia dirisha la teksi na ukuta wa choo cha uwanja wa ndege.

Na kuna kitu watu hawakisemi kwenye posti: mwili. Mwezi Septemba New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Ile dina aliyoipanga saa 3 usiku, kwa mwili wake ni saa 10 alfajiri ya Tabora. Nani anakula nyama ya kuchoma ya bei mbaya saa 10 alfajiri? Atapiga picha, atatabasamu, atasinzia kwenye sahani. Hela imekwenda.

Hesabu ya meza

Bei iliyoandikwa kwenye menyu ya New York siyo bei utakayolipa. Juu yake kuna kodi ya mauzo, asilimia 8.875. Juu ya hiyo kuna bakshishi ya mhudumu, na kule bakshishi siyo hisani kama ya hapa ya kumwachia dada chenji ya soda. Inategemewa, asilimia 18 hadi 20. Kwa hiyo chakula cha dola 100 kinaondoka na karibu dola 129. Kwa bei ya dola ya Septemba 2024, hiyo ni kama laki tatu na nusu. Mlo mmoja, mtu mmoja.

Ratiba ya dada ina migahawa tisa ya hadhi hiyo. Kodi hakuitaja, bakshishi hakuitaja. Kapanga picha ya sahani, bili kaiachia Mungu.

Hesabu ya viza

Ada ya kuomba viza ya matembezi ya Marekani mwaka 2024 ilikuwa dola 185, karibu laki tano. Ukinyimwa hairudishwi. Ubalozi wenyewe unashauri watu wasikate tiketi isiyorudishika kabla viza haijatoka. Dada kaposti tiketi kwanza. Viza bado, usaili bado. Kuna watu wanafanya kiki na hela yao, sawa. Hii ni kiki na hela ya akina mama.

Na wanaomwiga ndio wa kuhurumiwa zaidi. Kwenye komenti kuna vijana wanaulizana nani ana mtu wa mchongo wa kujaza akaunti ya benki ili ionekane nene kwa wiki mbili. Wengine wanachukua mkopo wa kausha damu ili tu wajaze hiyo akaunti. Ieleweke hivi: ukikamatwa umedanganya kwenye maombi ya viza ya Marekani, unaweza kufungiwa maisha. Maisha, wadau. Mkopo utaulipa kwa riba ya kila wiki, na mlango wenyewe ushaufunga kwa mkono wako.

Hesabu ya kikoba, ndiyo inayouma

Kwa asiyejua kikoba kinavyokwenda: akina mama wananunua hisa kila wiki, elfu mbili, elfu tano, kadiri ya mfuko. Mara nyingi mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Mama huyu alikuwa na hisa za milioni mbili. Kakopa sita. Maana yake kakopa mpaka mwisho wa kamba.

Na hakukopa peke yake. Kikoba kinataka wadhamini. Waliomdhamini ni akina mama wawili wa sokoni, mmoja anauza asali, mwingine anauza karanga na michembe. Mkopo usiporudi, wao ndio watakatwa. Mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa, kila mtu anachukua mgao wake, na mgao huo ndio sare za shule za Januari, ndio mbegu, ndio bati la kuziba paa linalovuja. Milioni sita ikikosekana Desemba, haitakosekana kwa dada wa Dar. Itakosekana kwa mtoto wa mama karanga, ambaye hata hajui Las Vegas iko upande gani.

Chawa wanasema mzazi kumpa mwanaye hela siyo dhambi. Kweli, siyo dhambi. Mzazi akiuza ng'ombe wake akampa mwanaye, nani atauliza? Lakini hizi hela ni za akina mama ishirini na tano, na mmoja tu ndiye aliyejua zinakwenda wapi.

Watu wa Tabora walijua kusafiri

Dada huyu aliulizwa kwenye mahojiano mwaka jana kuhusu kwao. Akacheka, akasema Tabora hakuna cha kuona zaidi ya vumbi na maembe. Hiyo kauli ndiyo inaonyesha kwa nini ratiba yake iko vile.

Maana kama kuna watu kwenye nchi hii waliozaliwa na safari, ni watu wa Tabora. Karne ya 19 Unyanyembe ndiyo ilikuwa njia panda ya bara. Misafara ilitoka Bagamoyo, miezi kama mitatu kwa miguu mpaka Tabora, halafu njia zikagawanyika: Ujiji na Kongo magharibi, Karagwe na Buganda kaskazini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo kama 30 begani au kichwani. Dada analalamika kwamba begi la ndege mwisho kilo 23.

Wale watu walikuwa na mpango. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, anayeijua njia. Wanyampara walisimamia watu. Posho, neno ambalo leo ni la vikao vya wakubwa, ilikuwa chakula cha njiani cha mpagazi, na ilihesabiwa kabla ya kuondoka. Hongo, ambayo leo ni rushwa, ilikuwa ushuru uliolipwa kwa watemi ili msafara upite, na ililipwa kutoka kwenye mali ya msafara. Kila kambi ilijulikana, kila kisima kilijulikana. Hakuna aliyeamka tu akasema naenda pwani, mtajua wenyewe huko nyuma.

Na walikuwa na sababu. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alihesabika bado mtoto. Alikwenda, akaona bahari, akarudi na nguo na bidhaa, akanunua ng'ombe, akaoa. Mpaka leo Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana kwenye misiba na harusi, na utani huo unatokana na hizo safari. Safari ya miezi mitatu ilizaa undugu ambao mpaka leo haujaisha.

Isifichwe pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu, na wapo waliotembea na minyororo bila kuchagua safari. Ndiyo maana Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, ni moja ya vituo vyake. Hayo ndiyo yaliyoko chini ya hilo vumbi alilolicheka.

Mahali atakapopigia picha bila kujua

Sasa tazama kichekesho chenyewe. Kwenye ratiba ya New York, siku ya kwanza, dada kaandika Herald Square, mifuko ya Macy's, gauni jekundu. Pale mahali pameitwa hivyo kwa sababu ya gazeti la New York Herald lililokuwa na jengo lake hapo. Gazeti hilohilo ndilo lililomtuma Stanley kumtafuta Livingstone. Wakakutana Ujiji Novemba 1871, wakarudi pamoja mpaka Kwihara. Stanley akaondoka Machi 1872, Livingstone akabaki kwenye tembe lile miezi zaidi ya mitano akisubiri wapagazi kutoka pwani. Alipofariki mwaka 1873 huko ambako leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani, wakapitia hapohapo Kwihara.

Kwa hiyo binti wa Tabora atasimama Herald Square kwa gauni jekundu, atapiga picha arobaini, na hatajua kwamba jina la pale lina uhusiano na kijiji ambacho bodaboda ya kwao ingemfikisha kabla chai haijapoa.

Yapo na mengine. Kile kitambaa cha merikani ambacho bibi zetu walikijua kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani, kwenye viwanda vya pamba vya New England, kikaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kikabebwa begani mpaka Tabora kama hela. Pembe za ndovu zikaenda njia ya pili. Kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zilikatwa zikawa vibao vya piano. Tabora na Marekani zilianza biashara kabla hata reli haijafika Tabora, na reli yenyewe ilifika mwaka 1912.

Hiyo ndiyo content, dada. Hakuna mwenzako hata mmoja mjini mwenye stori ya namna hiyo. Wenzako wote watasimama palepale Times Square na pozi lilelile. Wewe peke yako ungesimama Herald Square ukasema: hawa walikuja kwetu kwanza. Ungepata laiki mpaka ukimbie simu. Lakini ulisema kwenu hakuna kitu.

Na wewe kaka mtangazaji

Usifurahi. Unasema mwanamke wa Kinyamwezi kazi yake kukaa nyumbani. Umeitoa wapi hiyo? Kwenye misafara ileile wanawake walitembea, na vyungu vichwani na watoto mgongoni, Tabora mpaka pwani na kurudi. Historia ya kwenu huijui, unatumia jina la mila kupata watazamaji. Dada anatumia Marekani kupata kiki, wewe unatumia Tabora. Tofauti yenu ni tiketi tu.

Na hukugusa kikoba hata kidogo. Dakika arobaini za mahubiri, hakuna sentensi moja kuhusu mama karanga.

Ratiba yenye akili inaonekanaje

Kwenda Marekani kula na kushangaa siyo kosa. Mtu mwenye hela yake aende, ale, ashangae. Ila apange kama mtu mwenye kirangozi.

Wiki moja, mji mmoja. Ukijitahidi sana, miwili. New York peke yake inamaliza wiki. Ile feri ya kwenda Staten Island ni bure na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Treni ya chini ya ardhi mwaka 2024 ilikuwa dola 2.90, kokote unakokwenda mjini. Kule Manhattan kusini kuna makaburi ya Waafrika wa zamani, wengi wao watumwa, yamefanywa kumbukumbu ya taifa, na kuingia ni bure; mtoto wa njia ya misafara hatakiwi kupita pale bila kusimama. Chakula? Kuku na wali wa mkokoteni wa halali barabarani unashiba, na kwa sisi watu wa wali hautakushangaza. Chagua mgahawa mmoja wa kifahari kwa safari nzima, uhesabu na bakshishi, uvae gauni, ule polepole.

Ukiongeza Chicago, nenda Field Museum ukawaone simba wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli kule Kenya mwaka 1898. Wako kwenye kioo Chicago mpaka leo. Millennium Park ni bure. Las Vegas ifute, huna cha kupoteza kule isipokuwa kikoba.

Na kabla ya yote hayo, fanya mazoezi nyumbani. SGR ilianza mwaka 2024 kubeba abiria Dar mpaka Dodoma, na kutoka Dodoma kuna basi na reli ya zamani mpaka Tabora. Lala usiku mbili kwenu kama mgeni. Nenda Kwihara. Ipite Tabora Boys alikosoma Nyerere. Ujue kwamba mwaka 1958 TANU walikaa Tabora wakafanya ule Uamuzi wa Busara wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Uliza wazee kuhusu Kiko Kids na Tabora Jazz, ujue mji wako ulikuwa unatoa mastaa kabla ya simu. Kula michembe na karanga, nunua asali. Halafu sema tena hakuna kitu.

La mwisho

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili asitokee mmoja akalifungua peke yake. Jumamosi hii akina mama wale watakaa, sanduku litawekwa katikati, funguo tatu zitatolewa, na mama mmoja atasimama kueleza mbele ya watu waliomwamini. Mwanaye hatakuwepo. Atakuwa Dar anajaribu gauni jekundu.

Tiketi hiyo bado inaweza kusogezwa mbele. Viza bado haijaombwa. Hela ambayo haijaliwa bado inaweza kurudi kwenye sanduku, na ile iliyoliwa italipwa na matangazo ya sabuni, si anayo? Marekani haihami. Herald Square itakuwepo mwakani.

Rudisha hela ya akina mama kwanza, dada. Ndipo upande ndege kifua mbele.

Wadau, ingekuwa mama yako ndiye kasimama Jumamosi hiyo, ungepanda ndege? Tiririka hapo chini. Matusi hapana, hoja ndiyo.